Vibrato kwenye fidla: kuufundisha mkono kubembea, si kutetemeka

Mwanafunzi wa fidla hufika siku noti zake zimekaa sawa, upinde umenyooka, na bado wimbo unasikika mkavu, kama mtu anayesoma kwa sauti barua isiyo yake. Hapo ndipo vibrato, yaani kuibembeza noti kidogo kwa kidole kilicho kwenye uzi, huanza kutamaniwa. Na hapo ndipo wengi tunapoharibu, kwa sababu tunajifunza kwa macho: tunauona mkono wa mpigaji hodari ukitikisika, nasi tunaanza kutikisa wetu.

Mimi nilitikisa karibu miezi minne. Mkono ulichoka, fidla yenyewe ilicheza begani, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Nilipojirekodi kwa simu ndipo nilipoona kosa, na halikuwa kwenye kidole nilichokuwa nakilaumu. Lilikuwa kwenye dole gumba: lilikuwa limeibana shingo ya fidla mpaka ukucha umekuwa mweupe. Mkono uliobanwa upande mmoja hauwezi kubembea upande wa pili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kulegeza. Kasi tutaigusa mwishoni, na haitakupa shida kama unavyoogopa.

Kinachotokea kwenye uzi

Kidole kikiegemea nyuma, yaani kuelekea kichwa cha fidla, sehemu ya uzi inayolia inarefuka kidogo na noti inashuka. Kikirudi mbele kuelekea daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, uzi unafupika na noti inapanda. Kwenda na kurudi huko mara moja tuite wimbi moja. Wapigaji waliokomaa hufanya takriban mawimbi 5 hadi 7 kwa sekunde, na safari ya kidole ni fupi sana: kidole hakihami mahali pake, kinabingirika tu juu ya nyama ya ncha yake, milimita chache.

Walimu wengi hufundisha kwamba wimbi lianzie kwenye noti yenyewe, lishuke chini yake, kisha lirudi pale pale lilipoanzia, bila kupita juu. Sababu wanayoitoa ni kwamba sikio hushika ukingo wa juu wa wimbi, hivyo ukipita juu utasikika umepandisha noti. Hoja hiyo hubishaniwa, lakini kama njia ya kufanyia mazoezi mimi naifuata bila kusita. Inakupa nyumbani pa kurudi. Anayebembea pande zote mbili tangu siku ya kwanza hupoteza noti, kisha hujificha nyuma ya vibrato ili asisikike amekosea.

Na hilo ndilo swali la kujiuliza kabla ya kuanza: noti zako zimetulia? Wengi huwa tayari baada ya mwaka mmoja au miwili ya kupiga, ila kalenda si kipimo kizuri. Kipimo ni hiki: piga skeli, yaani ngazi ya noti, polepole kwenye nafasi ya kwanza (mkono ukiwa karibu na kichwa cha fidla), kisha hama mpaka nafasi ya tatu (mkono ukiwa umesogea hadi karibu na mwili wa fidla) na urudi. Ukijikuta unateleza kutafuta noti, subiri kwanza.

Achilia shingo ya fidla

Weka fidla begani, shusha kidevu mahali pake, kisha uondoe mkono wa kushoto kabisa. Fidla ibaki hapo bila wewe kukunja uso wala kuinua bega. Ikiteleza, rekebisha kiegemeo cha bega au kimo cha kipumzisha kidevu. Usijaribu kulitatua jambo hilo kwa misuli ya shingo yako. Mkono unaobeba fidla hauna nafasi ya kufanya kazi nyingine.

Rudisha mkono. Weka kidole cha 2 (cha kati; tunahesabu kuanzia cha shahada) kwenye uzi wa A, na huku kimekaa, gonga shingo ya fidla kwa dole gumba mara nne, polepole, kama mtu anayesubiri. Je, kidole cha 2 kiliganda au kilitetemeka? Kama huwezi kuinua dole gumba bila kupoteza noti, basi limekuwa likifanya kazi isiyo yake. Gonga hivyo kila siku mwanzoni mwa mazoezi, na kwenye kila kidole.

Halafu tazama upande wa pili wa shingo, pale kidole cha shahada kinapoungana na kiganja. Wengi tunapachika hapo kwa nguvu. Panapaswa kuwa na upenyo, hata wa unene wa karatasi tu. Ukibembea huku pamebanwa pande zote mbili, dole gumba huku na shina la kidole cha shahada kule, ni sawa na kujaribu kufungua mlango uliotiwa komeo.

Bila fidla kwanza

Chukua kichupa kidogo chenye kifuniko, tia punje chache za mchele, ukishike kwa vidole vya mkono wa kushoto kana kwamba umeshika shingo ya fidla. Inua mkono mbele ya uso, kiganja kikikutazama, uchezeshe kichupa kuelekea kwako na kurudi. Sikiliza punje. Unatafuta mlio ulio sawa, *chaka-chaka-chaka*, si mlio wa kukimbia na kukwama. Kichupa kikianza kukwama, mkono umekaza mahali fulani. Simama, ushushe, uanze tena.

Mwendo huu unaweza kutoka mahali pawili. Ukitoka kwenye kifundo cha mkono, kiganja ndicho kinachopunga, kama mtu anayebisha hodi kifuani mwake, na kigasha, yaani mkono kutoka kiwiko hadi kifundo, kimetulia. Ukitoka kwenye kiwiko, kigasha na kiganja vinakwenda pamoja kama kipande kimoja. Kuna na vibrato ya kidole chenyewe, ndogo na ya haraka, ila hiyo haianzwi nayo. Wapo walimu wanaoapa kwa kifundo, wapo wanaoapa kwa kiwiko. Jaribu zote mbili kwa kichupa, uone ni upi mwendo unaotoka bila kulazimishwa. Anza na huo. Mwingine utaujifunza baadaye, na hatimaye itachanganyika hata usijue ni ipi.

Kuteleza kwenye uzi

Shika fidla kama gita, mapajani au tumboni, ili usifikirie bega wala kidevu. Weka kidole cha 2 katikati ya uzi wa D, kwa wepesi kabisa, bila kuukandamiza hadi ubao wa vidole. Sasa telezesha kidole na mkono wote mbele na nyuma, sentimita tano au sita, kama mtu anayefuta vumbi kwenye uzi. Uzi ukikwaruza, weka kipande cha karatasi laini kati ya kidole na uzi. Dole gumba nalo lisafiri au angalau lilegee. Likibaki limeganda mahali pamoja, mkono utavutana nalo.

Kila baada ya kuteleza mara nane, punguza safari: sentimita nne, tatu, mbili. Mkono uendelee na mwendo ule ule. Kisha, na hapa uende taratibu, acha ncha ya kidole izame kwenye uzi huku mkono ukiendelea kwenda. Ncha inasimama, mkono haujasimama. Kitu kinachobaki kati ya viwili hivyo ni kiungo kilicho karibu na ukucha, nacho ndicho kitakacholipa gharama yote: kitakunjuka mkono ukienda nyuma, kitakunjika mkono ukirudi mbele.

Kitazame kwa karibu, kwa sababu vibrato nzima imo humo. Noti ikiwa mahali pake, kidole kimejikunja na ukucha umesimama, karibu kukutazama. Mkono ukienda nyuma kuelekea kichwa cha fidla, kiungo kinalegea, kidole kinalala kidogo, na nyama pana zaidi ya ncha inagusa uzi. Mkono ukirudi, kidole kinasimama tena. Kama kiungo hicho hakikunjuki, unachofanya ni kuuvuta uzi pembeni au kuisukuma fidla. Kukilainisha, weka kidole kwenye uzi, kishike karibu na ukucha kwa mkono wa kulia, ukikunje na kukikunjua kwa upole mara kumi. Kidole kisiwe na maoni.

Nafasi ya tatu na ukuta

Rudisha fidla begani. Usianzie nafasi ya kwanza, ingawa ndiyo unayoizoea. Huko mkono uko mbali, hauna pa kuegemea. Nenda nafasi ya tatu, ambako sehemu ya chini ya kiganja inaweza kugusa mwili wa fidla na kupata mhimili. Kwa vibrato ya kifundo hakuna mahali pazuri kuliko hapo: kigasha kimetulizwa, kiganja kinapunga peke yake.

Kama fidla inayumba, simama karibu na ukuta, weka kitambaa kilichokunjwa, na uegemeze kichwa cha fidla hapo. Ukuta unaibeba kwa ajili yako na mkono unapata likizo. Dakika tatu za ukuta zilinifaa kuliko wiki za kuhimizwa na mwalimu nisikaze, kwa sababu mtu akiambiwa alegee hukaza zaidi.

Metronomu, polepole kuliko unavyotaka

Hapa ndipo subira yako itapimwa. Weka metronomu, kifaa cha kupiga midundo iliyo sawa, kwenye midundo 60 kwa dakika. Kidole cha 2, uzi wa A, nafasi ya tatu, bila upinde. Wimbi moja kwa kila mdundo: nyuma, mbele; nyuma, mbele. Liwe pana, hata karibu nusu toni (hatua ndogo kabisa kati ya noti mbili jirani), na liwe la mviringo, lisiwe la kukata. Baada ya dakika moja, mawimbi mawili kwa mdundo. Kisha matatu. Kisha manne.

Ukifika manne kwa mdundo wa 60, tayari una mawimbi 4 kwa sekunde. Panda taratibu hadi 80 kwa manne hayo hayo, na umeshavuka 5. Hiyo ndiyo kasi ya vibrato halisi, na umefika bila kutetemeka hata mara moja. Ila usipande siku hiyo hiyo! Kaa kwenye kila kasi siku kadhaa. Mkono ukianza kukaza, shuka hatua moja. Pale ulipokaza ndipo ulipoacha kujifunza.

Sasa leta upinde, na uwe tayari kwa vurugu, maana mkono wa kulia hupenda kumwiga mwenzake. Anza na wimbi moja kwa mdundo tena, mvuto mmoja mrefu wa midundo minne. Ukisikia sauti inakatika-katika, ni upinde unaotikiswa. Vuta upinde kwanza kwenye noti kavu midundo miwili, kisha uanzishe kubembea katikati ya mvuto bila kubadili chochote upande wa kulia.

Kwa hatua hii programu ya kutyuni kwenye simu ni msaidizi mzuri. Iweke mbele yako na upige wimbi moja kwa mdundo. Mshale uondoke katikati, ushuke upande wa chini, urudi katikati na kutua. Usipite upande wa juu. Mshale ukirudi lakini ukagota kabla ya kufika katikati, hiyo ndiyo noti inayosikika imeshuka wakati mwenyewe unadhani unapiga vizuri. Ukiongeza kasi, programu nyingi zitashindwa kufuata na mshale utarukaruka; zima, usikilize kwa masikio.

Kwa siku, dakika tano hadi kumi zinatosha. Saa nzima itakupa maumivu tu. Na maumivu ya kweli, kwenye kifundo au chini ya dole gumba, hayapigiwi moyo konde: weka fidla chini, pumzika, na yakirudi siku ya pili uone anayejua mambo ya mikono.

Vidole vingine

Baada ya kidole cha 2, nenda cha 3, ambacho hakina matatizo makubwa. Cha kwanza ni kigumu kwa sababu nilizokwishataja: shina lake liko karibu mno na shingo ya fidla. Ukibembea kwa kidole cha 1, achia upande huo kabisa na uache mkono uning'inie kati ya ncha ya kidole na dole gumba.

Cha 4 ni kifupi na kidhaifu, na hupenda kunyooka kama kijiti. Kabla hujakilaumu, sogeza kiwiko zaidi chini ya fidla ili kidole kifike kikiwa kimejikunja. Vidole vingine vikae karibu na uzi, ila visiukandamize. Kila kinachokandamizwa bila kazi kinaongeza breki. Kama kiungo chake kinabonyea ndani, vibrato ya kiwiko itakusaidia kuliko ya kifundo.

Kisha kuna jambo ambalo wengi hulisahau: kuunganisha. Unabembea vizuri kwenye noti moja, unaweka kidole kingine, na kubembea kunakufa, kunaanza upya baada ya nusu mdundo. Msikilizaji husikia uvimbe kwenye kila noti. Piga vidole 2 na 3 kwa kupokezana kwenye mvuto mmoja, polepole, na ufikirie kwamba mkono ndio unaobembea wakati wote, vidole vinapanda na kushuka juu yake kama abiria. Hili lilinichukua muda mrefu kuliko mengine yote.

Ukisikia hivi, tafuta hapa

Sauti ya mbuzi, finyu na ya haraka: umekaza bega au kigasha, na mwendo unatokana na mtetemo wa misuli. Rudi kwenye kuteleza kwenye uzi, mawimbi mapana.

Sauti ya mlevi, pana na inayoyumba: umebaki kwenye mawimbi mapana ya mazoezi. Punguza upana kwanza, kasi baadaye.

Kichwa cha fidla kinacheza: mwendo unakwenda kulia na kushoto badala ya kufuata uzi. Jitazame kwenye kioo. Mkono unapaswa kusafiri kwa mstari wa uzi.

Uzi unakwaruza au noti inafifia: kidole kinainuka kila kinapokwenda nyuma. Uzito ubaki palepale, kinachobadilika ni pembe tu.

Kuiweka kwenye wimbo

Chagua wimbo wa polepole unaoujua kwa moyo, na uweke vibrato kwenye noti ndefu tu. Mbili au tatu kwa mstari zinatosha mwanzoni. Kisha uanze kuchagua aina yake. Kwenye nyuzi za G na D, wimbi pana na la taratibu kidogo hukaa vizuri. Kwenye uzi wa E, upana huo huo husikika kama umekosea noti, hivyo finya. Na ukipanda juu ya ubao wa vidole, finya zaidi, kwa sababu umbali kati ya noti unapungua: ukifika katikati ya uzi, nusu toni imebaki nusu ya upana iliyokuwa nao kule chini kabisa.

Kuhusu kiasi cha vibrato, ugomvi ni wa zamani. Mwaka 1751 mpiga fidla wa Kiitaliano, Francesco Geminiani, alishauri itumike mara nyingi kadiri iwezekanavyo. Miaka mitano baadaye, 1756, Leopold Mozart, baba yake mtunzi Wolfgang Mozart, aliwalalamikia wanaotetemesha kila noti kana kwamba wana ugonjwa wa kutetemeka. Mtindo wa kubembea karibu kila noti, tunaousikia leo, ulienea mwanzoni mwa karne ya 20, na jina la mpiga fidla Fritz Kreisler hutajwa sana hapo. Mimi niko upande wa Leopold. Noti ndefu ikianza kavu, kisha ikafunguka taratibu kwa vibrato kabla ya kuisha, hunigusa kuliko mstari mzima ulioloweshwa.

Kwa sababu hiyo skeli zangu bado nazipiga kavu kila siku, bila hata wimbi moja, ili masikio yajue noti ziko wapi.

Limebaki swali moja ambalo kila mwanafunzi huuliza: uzi ukiwa wazi, bila kidole, utabembeaje? Kwa uzi wa G kuna ujanja wa zamani. Upinde uwe kwenye G, lakini weka kidole cha 3 kwenye uzi wa D, mahali pa G ya juu, ukibembeze bila kukipigia upinde. Uzi wa D utaitika wenyewe, kwa mbali, na G yako iliyo wazi itapata uhai kidogo. Ila uwe umetyuni vizuri. Kidole kikikaa pembeni ya noti, hutasikia chochote.